Mwisho wa Kirusi

Odense, 4 Septemba 1961

Bi. Thora Wiborg,

Hatujuani, kwa hiyo naanza kwa kujitambulisha. Naitwa Preben Lynggaard. Mchana ni mfamasia, na Jumatano jioni ni katibu wa klabu ya sinema ya hapa Odense. Tuko watu kama sitini, tunakutana katika ukumbi wa chama cha maseremala kutazama filamu bubu za kwetu na za jirani zetu Waswidi. Mke wangu hanielewi. "Wenzako wanakwenda kuona filamu zenye rangi na sauti," ananiambia, "wewe unafukuzana na marehemu wasiosema."

Najua tu kwamba mara ya kwanza nilipoiona filamu ya aina hiyo, ukumbi mzima ulikuwa ukicheka. Walicheka zile sharubu, walicheka zile kofia. Kisha akatokea mwanamke amesimama dirishani akimngoja mtu. Jua la kwetu lenyewe, lile jepesi la mwezi wa Mei, lilikuwa likimwangukia shavuni. Hakulia, hakushika kichwa. Alingoja tu. Ukumbi ukanyamaza, nami nikajikuta nangoja pamoja naye. Tangu siku hiyo sijapona, na sitaki kupona.

Sasa nije kwenye sababu ya barua hii. Kule Svendborg kuna sinema ya zamani inayobomolewa. Chini ya magunia ya makaa tumeokota kopo limeandikwa "Harusi ya Mrusha Puto, mkanda wa mwisho". Nadhani moyo wako umeshtuka kama ulivyoshtuka wangu. Mikanda mitatu ya kwanza ya filamu hiyo tunayo miaka mingi, lakini mwisho wake ulipotea. Tumekuwa tukiwaona wewe na mrusha puto wako, yule anayepaa angani kwa puto kubwa, mkipendana, mkikosana, mkitafutana, halafu giza. Kijitabu cha matangazo cha mwaka 1913 kinasema mnaishia kwenye harusi, katika bustani ya matufaha.

Kati ya wote waliocheza humo, tumesikia umebaki wewe peke yako. Je, ungekubali kuja tutakapoionyesha?

Kwa heshima kubwa,
Preben Lynggaard

*

Svaneke, Bornholm, 11 Septemba 1961

Kijana wangu Lynggaard,

Umeniandikia kama mtu anayemwandikia malkia, au sanamu ya makumbusho. Mimi ni bibi kizee wa miaka sabini na moja, nakaa juu ya bandari pamoja na paka mmoja mwenye kiburi. Watu wa hapa hawajui kwamba niliwahi kuwa kwenye pazia la sinema. Wanachojua ni kwamba nashindana na wauza samaki mpaka wanachoka.

Mrusha puto alikuwa mume wangu, Aage. Kijitabu chako hakikusema hivyo, maana kampuni haikupenda. Walitaka kila mwanamke wa Denmark aamini kwamba Aage Wiborg yuko huru na anamsubiri yeye. Tulikuwa tumeoana kweli mwezi mmoja kabla ya kupiga ile harusi ya bandia. Ya kweli ilikuwa ofisini kwa hakimu, mvua inanyesha, mashahidi wenyewe watu wa kuazima. Ya bandia ilikuwa na maua, mpiga fidla, na mchungaji aliyelewa.

Sikiliza. Pale bustanini, kamera ikizungushwa, Aage alinigeukia akacheka, akaniambia jambo. Hatukuwa na maneno ya kusema, uliweza kusema lolote, hakuna ambaye angesikia. Mwongozaji alikuwa akipiga kelele, "Mpende! Mpende zaidi!" na Aage akaniambia jambo lake mwenyewe, la kwetu wawili. Nilicheka mpaka shela likaanguka.

Alikufa Oktoba 1918 kwa yale mafua makubwa, hapa Denmark, mimi nikiwa Berlin kazini. Telegramu ilinifikia ameshazikwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nayashika maneno yale ya bustanini, kisha siku moja nikayatafuta nisiyapate. Nimeyasahau, Lynggaard. Sura yake ninayo kwenye picha, lakini picha hainong'onezi mtu. Kwenye huo mkanda wako midomo yake inatembea. Nikiiona nitayasoma. Mtu aliyefanya kazi kwenye filamu bubu husoma midomo kama mchungaji anavyosoma Biblia.

Kuja nitakuja. Ila nionyeshe mapema. Usiningojeze.

Thora Wiborg

*

Odense, 15 Septemba 1961

Bi. Wiborg,

Barua yako nimeisoma dukani, nikampa mteja dawa ya kikohozi badala ya dawa ya miguu. Alirudi akinicheka.

Utamwona. Naahidi. Kopo bado hatujalifungua, kwa sababu mikanda ya zama hizo hushika moto kama baruti, na idara ya zimamoto ya mji imetuambia tungoje siku za baridi. Kawaida tungeupeleka kwanza kwenye hifadhi ya filamu mjini Kopenhagen ukanakiliwe, lakini foleni yao inafika hadi majira ya kuchipua. Nitawaomba wenzangu tuuonyeshe mara moja kabla ya kuupeleka. Tutakuwekea kiti cha mbele kabisa.

Wako,
Preben Lynggaard

*

Svaneke, 22 Septemba 1961

Mwanangu Preben,

Ahadi ni deni, na mimi ni mdai mbaya. Nimeshatoa koti langu zuri kwenye sanduku, linanuka dawa ya nondo na enzi zilizopita. Kiti cha mbele ndicho hasa ninachokitaka. Karibu kabisa na pazia.

Unisamehe mwandiko. Herufi zimekuwa kubwa na mistari inapanda mlima, kalamu hii imechakaa.

Thora W.

*

Odense, 6 Oktoba 1961

Bi. Wiborg,

Natumaini hujambo na baridi haijawa kali huko kisiwani.

Kopo tumelifungua. Hali ya mkanda si nzuri kama tulivyotarajia. Mwanzoni umeanza kunata, na unanuka kama soksi za wiki nzima. Nimefikiri sana, nikaona pengine ni busara tusifanye haraka. Safari ni ndefu: meli, treni, kivuko, na treni tena. Pengine ni heri usubiri nakala ya majira ya kuchipua, au hata tukuletee maelezo kwa maandishi. Sipendi usumbuke bure.

Tafadhali usinielewe vibaya.

Wako mwaminifu,
Preben Lynggaard

*

Svaneke, 10 Oktoba 1961

Bwana Lynggaard,

Nimekuelewa vizuri kabisa. Juzi nilikuwa mgeni wa heshima, leo nimekuwa mzigo wa kivuko. Najua kilichotokea. Mmeutazama mkanda, mmemwona binti wa miaka ishirini na tatu mwenye shingo ndefu, halafu mmoja wenu akasema, "Jamani, hivi kweli tunataka kumleta kikongwe kwenye jukwaa atuharibie ndoto?" Ninawajua wapenzi wa sinema. Nilipokea barua zao magunia kwa magunia wakati shingo ilipokuwa ndefu. Mnawapenda watu wakiwa kimya na wakiwa mbali.

Unasema mtaniletea maelezo kwa maandishi. Maelezo ya nini? Ya midomo ya mume wangu? Nani kati yenu anayeijua?

Sikukuomba ukumbi, wala maua, wala hotuba. Niliomba kumwona mume wangu, basi. Kama hutaki kunionyesha, sema hutaki, usinizungushe na habari za soksi.

Thora Wiborg

*

Svaneke, 12 Oktoba 1961

Bwana Lynggaard,

Mimi ni Gudrun Kofoed, jirani yake Bi Thora, mwenye kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi hapa chini yake. Yeye hajui kama naandika, na akijua atanichuna ngozi kama nguru.

Bwana, umemfanya nini mwanamke huyu? Tangu juzi hali chochote. Nimempelekea samaki wa moshi na mkate mweusi, kampa paka. Nikamwuliza, "Dada Thora, una nini?" Akanijibu, "Nimeachwa mara ya pili, Gudrun, na safari hii na mfamasia."

Kuna jambo hakukwambia, kwa sababu ana kiburi kuliko huyo paka wake. Si kalamu iliyochakaa. Ni macho. Ana presha ya macho, imemla jicho la kushoto lote, na la kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari wa mjini Rønne kamwambia kwamba Krismasi hii ataiona kwa shida, ya mwakani hataiona. Wewe unamwambia asubiri majira ya kuchipua! Wakati huo utamwonyesha nini? Giza?

Nilimwambia amweleze bwana huyu ukweli. Akasema, "Nikimwambia atanionea huruma, na mtu anayekuonea huruma hukuonyesha unachostahili, hakuonyeshi unachotaka." Mambo yake hayo mimi siyaelewi. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, ndiyo maana nimeona niseme mimi.

Kama una sababu ya kweli ya kumzuia, niambie. Kama huna, mlete.

Gudrun Kofoed

*

Odense, 16 Oktoba 1961

Bi. Gudrun Kofoed,

Nakushukuru na naona aibu. Sikujua habari za macho. Niliyaona maandishi yanakua, nikadhani ni hamu.

Sababu ya kweli ninayo, na ni hii. Zamani hizo kampuni zetu za filamu ziliuza kazi zao mpaka Urusi, na wafanyabiashara walishikilia kwamba mtazamaji wa Kirusi hakubali kutoka ukumbini bila kulia. Basi hadithi moja ilipewa miisho miwili. Waliopendana walioana kwa ajili yetu, na walikufa kwa ajili ya Warusi. Waigizaji walewale, nguo zilezile, wiki ileile. Ukisoma magazeti ya sinema ya siku hizo utaona walivyolizungumza jambo hilo kama tunavyozungumza sisi kukata mkate vipande viwili.

Kopo letu lina mwisho wa Kirusi. Nadhani lilikuwa lisafiri kwenda Urusi, vita vya 1914 vikazuka, likabaki bohari, na baadaye karani fulani akalipeleka Svendborg bila kuangalia ndani. Nimeinua mkanda dirishani, mchana, nikautazama picha moja baada ya nyingine. Hakuna bustani. Hakuna shela wala mpiga fidla. Mrusha puto ameanguka. Amelala ndani ya jeneza, mkewe amepiga magoti kando yake. Hakuna anayecheka, hakuna midomo inayotembea. Na mwisho wa harusi, kwa kadiri tunavyojua, haupo tena popote duniani.

Mwanamke huyu hakuwahi kumwona mumewe maiti. Anataka kumwona akicheka, nami nimwalike avuke bahari mbili aje aone jeneza? Nilimwahidi. Sikuwa na moyo wa kumwambia, nikaona heri anichukie. Niambie, Bi. Gudrun, wewe unayekaa naye, nifanyeje?

Preben Lynggaard

*

Svaneke, 19 Oktoba 1961

Kaka Lynggaard,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa nimeketi juu ya pipa, moto wangu ukazima, samaki wakaharibika.

Mume wangu mimi alichukuliwa na bahari, kwa hiyo maneno ya kumwona au kutomwona mtu usinifundishe. Nitakwambia kitu kimoja tu. Usimchagulie. Mwanamke aliyefika umri ule ameshachaguliwa vya kutosha. Mwambie ukweli wote, kisha mwache aamue mwenyewe. Na uandike herufi kubwa, aisome mwenyewe, asiombe mtu.

Gudrun K.

*

Odense, 21 Oktoba 1961

Bi. Wiborg,

Hukukosea kunikasirikia, ila sababu uliyodhani siyo. Hakuna mtu hapa aliyeona haya kwa ajili yako.

Mkanda tuliookota ni mwisho wa Kirusi. Bustani ya matufaha haimo. Mumeo amelala katika jeneza. Sikutaka kukwambia kwa sababu niliogopa kukuumiza, na nilijificha nyuma ya uchakavu wa mkanda kama mtoto nyuma ya pazia. Nisamehe.

Ahadi yangu bado ipo kama ungali unaitaka. Niliwaeleza wenzangu jana. Mwenyekiti wetu, Bwana Hjortkjær, alikataa katakata. "Ukipita kwenye mashine mara moja, unaweza kukatika au kuwaka," alisema. "Tumengoja miaka hamsini, tunashindwa kungoja miezi sita?" Nikamwambia, "Sisi hatushindwi. Kuna mtu anayeshindwa." Akavaa kofia, akaenda mwenyewe kumtafuta mzimamoto wa kukaa karibu na mashine na ndoo ya mchanga.

Tukiupoteza, utakuwa umepotea ukitazamwa. Nimeona nitaweza kuishi na hilo. Uamuzi ni wako.

Preben

*

Svaneke, 26 Oktoba 1961

Preben,

Naona Gudrun amekuandikia, maana ghafla herufi zako zimenenepa. Nimeshamgombeza. Sasa tunakunywa kahawa.

Mwisho ule naukumbuka. Niliusahau kwa makusudi, ni kitu tofauti. Tulipiga Jumatatu iliyofuata harusi, ndani ya studio ya kampuni iliyojengwa kwa vioo ili mwanga uingie, jua kali, rangi nyeupe inatuyeyukia usoni. Mama yangu aliposikia Aage atalazwa kwenye jeneza alikuja mpaka mlangoni kunizuia. "Msifanye mchezo na sanduku hilo," alisema, "lina masikio." Nikamcheka. Miaka mitano baadaye, telegramu iliponikuta Berlin, jambo la kwanza nililokumbuka ni mama pale mlangoni. Nimebeba hilo muda wote huu, kwamba tuliliita sisi wenyewe.

Ulidhani utaniumiza. Nimeshaumia zamani, mwanangu, wewe umechelewa.

Nilikwenda makaburini nikakuta udongo na ubao. Sikumfunga macho, sikumvalisha, sikumbusu paji la uso. Mara nyingine naota anashuka kwenye treni kwa sababu sehemu yangu moja haijawahi kukubali. Sitasoma midomo yake tena, nimejua. Basi nitafanya kazi nyingine. Mwanamke anapaswa kumwona mumewe angalau mara moja amelala hivyo, ili ajue. Nakuja Odense kumzika.

Msipige muziki wa furaha.

Thora

*

Odense, 20 Novemba 1961

Bi. Thora mpendwa,

Siku tano zimepita tangu tuuonyeshe mkanda, na sijui kama nina ruhusa ya kukuandikia.

Uliondoka kabla taa hazijawaka vizuri. Nilikimbia hadi mlangoni nikamkuta Bi. Gudrun amekushika mkono mnaelekea stesheni, akanipungia mkono nirudi. Nilirudi. Ukumbini hakuna aliyeinuka. Mpiga piano wetu, mtu ambaye kwa kawaida ana mdomo kama cherehani, alikuwa ameketi mikono mapajani.

Mkanda umepona. Ulikatika mara moja tu, mwanzoni, na kesho yake ulisafiri Kopenhagen ukiwa umefungwa vizuri.

Kinachoninyima usingizi ni wewe. Nilikuwa nimesimama pembeni ya mashine, nakuona kwa mwanga wa pazia. Ulikuwa umesogea mbele ya kiti mpaka nikadhani utaanguka. Jeneza lilipotokea ulitulia. Kisha mke wa kwenye pazia, yaani wewe, alipoinama juu yake, ukatoa sauti, ukajifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yako yakatikisika mpaka mwisho. Wanawake wa safu ya pili walilia kwa sababu yako. Mimi nikasema moyoni, Preben, umemuua mtu. Ulikuja kupata amani, nami nimekurarua upya. Sitajisamehe.

Kuna jambo lazima nikuulize, ingawa ni baya kuuliza sasa. Fundi wa hifadhi ameandika. Anasema mkanda ni mzuri kuliko alivyotarajia, isipokuwa una kosa moja: marehemu anapumua. Kifua kinapanda na kushuka, na kope la kushoto linacheza. Watazamaji wa leo watacheka, anasema, na tukio zima litaharibika. Anaweza kuchukua picha moja tulivu na kuirudia mpaka mwisho, marehemu atulie. Bwana Hjortkjær anaunga mkono. Anasema hata kampuni yenyewe ingefanya hivyo kama ingekuwa na chombo. Fundi anataka kibali chako, kwa kuwa wewe ndiye uliyebaki.

Ukinyamaza nitaelewa.

Preben

*

Svaneke, 28 Novemba 1961

Mwanangu Preben,

Anayeandika ni Gudrun, anayesema ni mimi. Jicho la kulia nalo limeanza kuaga, sasa naona mwanga wa dirisha na umbo la paka. Gudrun ananiambia nisiseme maneno mengi, ana samaki wanamngoja. Atangoja.

Kwanza kabisa, mjinga wewe. Nilikuwa nacheka.

Nilikuja na nguo nyeusi. Njia nzima, kwenye meli na kwenye kivuko, nilikuwa namwambia Gudrun, leo namaliza, leo namfunga macho. Likatokea jeneza, likatokea uso wake, mkubwa kama ukuta wa nyumba, karibu hata kwa jicho langu hili. Nikasema, haya, Aage, kwaheri. Mara nikaona kifua kinapanda. Nikadhani ni jicho linanidanganya. Kikashuka. Kikapanda tena! Amelala pale kwa ajili ya Urusi nzima, na anavuta hewa kama fundi mhunzi.

Ikanirudia siku nzima, Preben, yote, mpaka harufu. Jeneza lilikuwa limejazwa maranda ya mbao, nayo yalikuwa yanamtekenya shingoni. Mwongozaji akafoka, "Wiborg, kufa vizuri!" Aage akajibu bila kufungua macho, "Nakufa, bwana, ila haya maranda hayataki." Tukarudia, tukarudia, jua likahama kwenye vioo. Mara ya mwisho mwongozaji alisema basi, mwanga umekwisha, itakayotoka itoke. Mama yangu alikuwa mlangoni na shali kichwani, na hata yeye aliziba mdomo asicheke.

Kisha nikajiona mimi. Yule binti mwenye shingo ndefu anainama na kuweka kiganja kifuani mwa mumewe. Najua watu wenu wataliandika hilo kwenye magazeti yao, kwamba ni mapenzi, ni uchungu usio na maneno. Si mapenzi wala uchungu. Nilikuwa namficha. Nilimwona anapumua, nikaogopa tutarudia tena, nikatandika mkono wangu pale ili kamera isione. Nilikisikia kifua chake kikiusukuma mkono wangu juu, joto, mkaidi. Nililisikia hilo nikiwa na miaka ishirini na tatu, na nimelisikia tena Odense kwenye kiti cha mbele.

Nililia pia, nisikudanganye. Vyote vilitoka pamoja. Gudrun aliniburuta nje kwa sababu nilikuwa sijiwezi, si kwa sababu umeniua.

Alichoniambia bustanini kimekwenda, na kiende. Sikumzika. Nilikuja kuzika nikarudi bila maiti, na kile kitu cha mama, cha sanduku lenye masikio, sijakiona tena tangu siku ile. Alilala humo akatoka hai, akala chakula cha jioni, akaishi nami miaka mitano. Homa ndiyo iliyomchukua, kama ilivyochukua watu wengi.

Sasa mwambie fundi wako hivi, na Gudrun andika kwa herufi nzito: asimguse. Asirudie picha, asimtulize. Watu wakicheka, wacheke, ukumbi ukitulia tena watamwona. Ninyi mnaopenda filamu hizi mnasema mnapenda mwanga na ukimya na sijui nini. Nitakwambia mnachokipenda. Pale mbele yenu kuna mtu aliyezikwa, na anapumua, na hajui.

Mimi peke yangu ndiye niliyejaribu kumficha pumzi, kwa mkono wangu huu. Nikashindwa. Namshukuru Mungu kwamba nilishindwa.

Thora Wiborg